Kitufe cha Kamera ya Nne

Tangu tulipomzika mwenzetu nimesikia akisifiwa kwa kila neno jema. Mcheshi, mnyenyekevu, mcha Mungu, mtu wa watu. Yote ni kweli na sina ugomvi na waliosema. Kinachonikera ni kwamba sifa hizo zingemfaa mtu yeyote mwema. Angekuwa fundi cherehani au mhasibu, wasifu ule ule ungesomwa bila kubadilishwa hata mstari. Hakuna aliyesimama akaeleza alikuwa anafanya nini kazini, na kwa nini sisi tuliofanya naye kazi tunajua kwamba kiti chake hakitajazwa kwa kubandika tangazo la nafasi ya kazi.

Kwetu aliitwa Dada. Wachungaji walimwita Dada, vijana wa kujitolea walimwita Dada, hata fundi mitambo wetu aliyemzidi umri kwa mbali alimwita hivyo hivyo. Jina lake halisi naiachia familia. Kituo chetu ni kidogo, cha dini, kinachoishi kwa sadaka na matangazo machache ya biashara, na watazamaji wengi wanakijua kwa sura tatu nne: mhubiri wa asubuhi, dada wa salamu, kaka wa nyimbo za injili. Yeye hakuwa mmoja wa sura hizo. Alikaa chumba cha nyuma, mbele ya mikseri ya picha, na kila ibada tuliyorusha mubashara ilipita mikononi mwake.

Asiyeijua kazi hii anadhani picha zinabadilika zenyewe. Ukiona mhubiri, kisha kwaya, kisha bibi mmoja aliyefumba macho katikati ya waumini, ujue kuna mtu amebonyeza kitufe mara tatu, na mara zote tatu ameamua. Vituo vikubwa vina mwongozaji wa kutoa amri na mtu mwingine wa kubonyeza. Kwetu Dada alikuwa yote mawili, na siku ambazo kijana wa maandishi hakufika ndiye aliyeweka pia majina ya wahubiri chini ya skrini, kwa kidole kimoja, macho yakiwa kwingine.

Mikseri yenyewe ilikuwa ya zamani, namba za vitufe zimefutika kwa kubonyezwa. Dada alibandika plasta nyeupe kando ya kila kitufe akaandika kwa wino mzito: MIMBARI, KWAYA, WATU. Kitufe cha nne kilikuwa cha kamera ya begani, ile inayozunguka mbele ya madhabahu wakati wa maombezi. Hapo hakuandika mahali. Aliandika POLEPOLE.

Mgeni akiuliza, alicheka tu. Sisi tuliovaa visikilizio tulikuwa tunajua. Sauti yake ilikaa masikioni mwetu ibada nzima: "Mbili, jiandae, nakuja kwako." Kisha, "Nimefika. Asante, baba." Alishukuru kila picha aliyopewa. Mpiga picha akichanganyikiwa hakumfokea. Alimwambia, "Tatu, nitafutie mikono ya mpiga kinanda," akampa kazi ndogo ya kumtuliza mpaka akili imrudie. Wala sisemi alikuwa malaika. Aliyefungua mlango wa chumba kile katikati ya ibada na kuanza maongezi alitolewa nje, awe mlinzi au mjumbe wa bodi. Na kwaya ikimgusa aliimba nayo, sauti ya pili, nje kabisa ya ufunguo, bila kuzima maiki yake, hadi wapiga picha wakacheka na picha ikatikisika. Kuna mtazamaji aliwahi kupiga simu kuuliza kama kanisani kuna tetemeko.

Sasa hiyo kamera ya nne. Wakati wa maombezi watu huja mbele na mizigo yao. Wengine wanaanguka, wengine wanalia kwa sauti, wengine wanasema mambo ambayo nyumbani hawajawahi kuyasema. Kwa mtu wa televisheni, hapo ndipo penye picha. Uso uliolowa machozi unamfanya mtazamaji asibadilishe chaneli, kila mtu wa fani hii analijua hilo. Dada alilijua kuliko sisi sote na ndiyo maana aliliogopa. Mtu akianza kulia, picha ilitoka kwake. Ilikwenda pana, kanisa zima likionekana, au ilikwenda kwenye mikono, au kwa kwaya. Akitulia, iliweza kurudi. Na kama kipaza sauti cha mchungaji kilinasa anachokiri, sauti ya kule mbele ilishushwa papo hapo.

Nilikuwepo siku mama mmoja alipopiga magoti na kuanza kumtaja mtu aliyemtendea ubaya ndani ya nyumba yake. Kabla jina halijatoka, Dada alikuwa amekata kwenda kwa kwaya na kumwambia kijana wa sauti, "Shusha, shusha, shusha." Mmoja wa wakubwa akaja chumbani amefura. Akasema hicho ndicho watu wanachotaka kuona, na kwamba vituo vingine vinakionyesha bila wasiwasi. Dada hakugeuka. Macho yalikuwa kwenye monita.

"Mkubwa, mama huyu amekuja kumlilia Mungu. Hakuja kuulilia mtaa mzima." Halafu kwa sauti ile ile, "Mbili, jiandae."

Naamini vituo vya dini viko kwenye hatari hii kuliko vituo vya habari. Kwenye habari, mpiga picha akimganda mfiwa usoni, kuna mhariri juu yake, kuna maadili ya uandishi, na kuna watazamaji watakaolalamika kwamba hana utu. Sisi tuna kisingizio kilicho tayari: huu ni ushuhuda, huu ni utukufu wa Mungu, nani atapinga? Machozi yanageuzwa kuwa uthibitisho kwamba ibada ilikuwa na nguvu. Tena zamani matangazo yakipita yalikuwa yamepita, aliyekosa kuona amekosa. Siku hizi ibada ya asubuhi mchana iko YouTube, jioni imekatwa vipande vya sekunde 30, na kipande kinachosambaa hakiwi cha mahubiri. Ni cha yule binti aliyeanguka. Baada ya miaka anaomba kazi, au anachumbiwa, na kuna mtu ameshaihifadhi ile video kwenye simu.

Wasiwasi wa namna hii ni mkongwe kama utangazaji wenyewe. Ibada inayohesabiwa kuwa ya kwanza kurushwa redioni ilitoka kanisa la Calvary, Pittsburgh, Marekani, tarehe 2 Januari 1921, kupitia kituo cha KDKA. Mafundi wawili wa kituo walivishwa majoho ya kwaya ili waumini wasibabaishwe na uwepo wao. Nilipomsimulia Dada kisa hicho alicheka mpaka akavua visikilizio, akasema na yeye anataka joho lake. Miaka miwili baadaye, London, Westminster Abbey ilikataa harusi ya mtoto wa mfalme, yule aliyekuja kuwa George wa Sita, isirushwe redioni. Hofu mojawapo ilikuwa kwamba wanaume wataisikiliza baa wakiwa na kofia vichwani.

Hiyo ya kofia inachekesha. Lakini kanisa hilo hilo liliporuhusu kamera za televisheni kwenye kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, tarehe 2 Juni 1953, kitendo cha kupakwa mafuta hakikuonyeshwa. Mamilioni ya watu walikuwa mbele ya televisheni zao, na sehemu ambayo kwa waamini ndiyo iliyokuwa takatifu kuliko zote waliikosa, kwa makusudi. Hapo sicheki. Kama malkia alistahili dakika chache za faragha mbele ya Mungu wake, sioni kwa nini yule mama aliyepiga magoti kwetu asistahili.

Karibu zaidi nasi, mwaka 2004 Tume ya Taifa ya Utangazaji ya Nigeria ilipiga marufuku vipindi vinavyoonyesha miujiza isiyoweza kuthibitishwa. Wachungaji wengi waliona ni kuingiliwa. Mimi naona tume ile ilishika upande mmoja tu wa jambo, upande wa ukweli. Dada alishughulika na upande wa pili. Hata muujiza ukiwa wa kweli kabisa, mwenye kuponywa bado anatakiwa kuulizwa kama anataka mwili wake na ugonjwa wake viwe kipindi cha televisheni.

Na aliuliza. Ibada ikiisha, wengine tukikunja nyaya, yeye alishuka na daftari la jalada gumu. Aliwatafuta waliokuja mbele, akawasalimia, akachukua namba zao za simu, basi. Hakuomba ruhusa siku hiyo. Alisema mtu aliyetoka kuombewa atakubali chochote, hata ukimwomba viatu. Alisubiri siku zipite ndipo apige simu, na maneno yake yalikuwa mafupi: Jumapili tulikupiga picha, tunataka kuirudia ibada ile, wewe unaonekana hapa na hapa, je, tukuache au tukutoe? Waliosema watolewe walitolewa, bila kuulizwa sababu na bila kuambiwa kwamba wanamnyima Mungu utukufu. Wapo waliosema waachwe, kwa furaha kubwa, wakauliza kipindi kitarudiwa saa ngapi ili wawaambie ndugu zao. Na wapo waliojibu kwamba mume anasafiri, akirudi watazungumza. Mbele ya majina hayo Dada alichora duara dogo. Duara lilimaanisha hapana mpaka aseme ndiyo.

Kazini hatukukubaliana naye wote. Hoja iliyosikika zaidi ilikuwa kwamba ushuhuda ni wa hadharani kwa asili yake, na aliyepita mbele ya kanisa zima ameshakubali kuonekana. Ni hoja nzito kiasi. Lakini kanisa lenye watu unaowafahamu, waliokuja kuomba pamoja nawe, watakaokushika mkono mkitoka, lina mipaka. Televisheni haina. Aliyesimama mbele ya watu wa kanisa hajajua kwamba amesimama pia mbele ya watu wa televisheni, hasa kama kamera imetoka nyuma ya bega la mzee wa kanisa. Hoja nyingine ilikuwa ya pesa, ingawa haikutajwa kwa jina hilo. Tuliambiwa watazamaji wakipungua na sadaka zitapungua. Huenda. Sijaona mtu akiichukua hesabu hiyo na kuileta mezani, na nina shaka kama kituo cha dini kinapaswa kuendeshwa kwa machozi ya waumini wake hata kama hesabu ingekubali.

Hakuwa mtu wa nadharia. Hakuwahi kusoma chuo cha utangazaji. Alianzia kwenye kufagia studio na kupanga kanda kwenye rafu. Kilichomwongoza ni mtazamaji mmoja aliyemweka kichwani. Alisema anamrushia mtu aliyelala kitandani, asiyeweza kwenda kanisani, na ambaye rimoti iko mbali naye. Ukimfikiria mtu huyo mambo mengi yanajipanga. Maneno ya nyimbo yanaandikwa makubwa. Picha hazikatwi harakaharaka kwa mdundo wa ngoma, maana mgonjwa anapata kizunguzungu. Mhubiri akisema "tusimame," picha inabaki kwenye uso wake kwa muda, haiendi kwa umati uliosimama, ili asiyeweza kusimama asijione ameachwa. Hili la mwisho sikuwahi kuliona kwenye kituo kingine chochote, na vijana wengi waliopita kwetu hawakuelewa kwa nini wanakatazwa picha nzuri kama ile ya watu wakinyanyuka kwa pamoja.

(Sisi si Wakatoliki, lakini wao wana jambo ambalo lilimpendeza sana Dada. Mwaka 1958 Papa Pius wa Kumi na Mbili alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni, kwa simulizi kwamba alipokuwa mgonjwa, hawezi kwenda kwenye Misa, aliiona na kuisikia akiwa chumbani mwake. "Umeona?" aliniambia. "Hata wao wameanza na mgonjwa.")

Nilisema kwamba sifa za msibani zinanikera. Kuna kilichonikera zaidi, na ndicho kilichonifanya niandike. Kituo kilirusha mazishi yake. Uamuzi mzuri, alistahili. Lakini kamera zetu wenyewe, zikiongozwa kutoka chumba kile kile, zilimfuata binti yake mdogo kaburini na kumkaribia mpaka uso wake ukajaa skrini. Zikakaa hapo. Muda mrefu. Nyumbani kwangu watu walianza kulia kwa kumwona, na ndilo lililokusudiwa bila shaka. Mtoto yule hakuwa na mtu wa kusema "shusha." Siku iliyofuata kipande kile kilikuwa kwenye ukurasa wa kituo na maneno ya faraja chini yake.

Simlaumu kijana aliyekuwa kwenye mikseri. Ni kijana mzuri, alifundishwa na Dada mwenyewe, na siku ile alikuwa anabonyeza vitufe huku machozi yanamtoka. Alifanya walichokuwa wanasubiri wakubwa, na hakukuwa na kitu cha kumrudisha nyuma zaidi ya plasta yenye neno moja. Hapo ndipo lawama inapostahili kwenda. Kwa miaka yote ile tulikuwa na mtu aliyebeba dhamiri ya kituo kizima kwenye vidole vyake, tukamsifu kwa ucheshi, na hakuna aliyechukua kalamu kuandika anachokifanya. Alipoondoka, utaratibu ukaondoka naye. Wanaosema "Dada hana mbadala" wanadhani wanamtukuza. Mtu mwenye utaratibu unaoweza kuelezwa kwa ukurasa mmoja anaweza kabisa kuwa na mbadala, na nadhani angependa awe naye.

Sasa kinaandaliwa kipindi maalumu cha kumkumbuka. Nimeombwa kuchangia na nimekubali, kwa sharti kwamba kisiwe na picha ya mwanafamilia akilia, na kwamba wapiga picha wake wapewe nafasi ya kusimulia kazi yenyewe: kwa nini alikataa picha fulani, alisubirije, alikata wapi. Tuna ibada nyingi alizoziongoza kwenye diski za kumbukumbu. Irushwe moja nzima, kisha mtu aisimamishe mahali pale anapotoka kwa mtu na kwenda kwa kwaya, aeleze. Kipindi cha hivyo kingewafundisha watangazaji wa dini wa vituo vingine kuliko semina. Na jina lake liandikwe mwishoni mwa kila kipindi kinachorudiwa alichokiongoza, maana orodha zetu za majina huishia kwa mtangazaji na mchungaji. Majoho ya kwaya ya Pittsburgh bado tunawavisha mafundi wetu.

Lile daftari la jalada gumu familia imeturuhusu tulitumie, baada ya kufunika majina na namba. Kwa kulifuata, mimi na wenzangu wawili tumeandika rasimu ya mwongozo wa kamera wakati wa maombezi na misiba. Haijai kurasa mbili. Picha pana mtu akilia, sauti kushushwa mtu akikiri, ruhusa kuombwa baada ya siku kadhaa na si siku ile ile, aliyesema hapana atolewe bila maswali, na hakuna kipande cha maombezi kitakachowekwa mtandaoni peke yake. Uongozi umeipokea vizuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa kipengele cha watoto. Wao wanataka mtoto aonyeshwe mzazi akiridhia. Sisi tunataka mtoto anayelia asionyeshwe usoni kabisa, mzazi aridhie asiridhie, kwa sababu siku ile kaburini wazima waliokuwepo walikuwa wengi na hakuna aliyekataa. Kikao kijacho ni cha kipengele hicho peke yake, na yule kijana wa mikseri ameomba aingie kuzungumza.